Misitu ya Katikati ya Jiji: Shajara ya Nairobi

Jumatano

Chama chetu cha akina mama wa Kisauni, Mombasa, kina desturi ya kusafiri pamoja kila Desemba. Mwaka juzi tulikwenda Lamu, mwaka jana Lushoto. Safari hii kura zimeangukia Nairobi, nami nimetumwa mbele kupeleleza mahali pa kuwapeleka watu wasije wakaishia Eastleigh kununua vitambaa. Nilipendekeza misitu na bustani za jiji. Mweka hazina akaniuliza, "Mtu atoke Pwani aende Nairobi kuangalia miti?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na ndiyo maana nimekuja.

Treni ya asubuhi iliondoka Miritini saa mbili. Tulipoingia Tsavo, abiria wa upande mmoja wakahamia wa pili kwa sababu ya tembo, wekundu kwa udongo wa kule. Baada ya Mtito Andei nikalala. Nilipozinduka tulikuwa tunapita viwanda vya saruji vya Athi River.

Binamu yangu anakaa Ngara. Wifi yangu alikuwa amepika mukimo na kuku, akacheka aliposikia ratiba yangu. "Karura nitakupeleka mwenyewe Jumamosi," akasema. "Huko kwingine nenda na huyu." Huyu ni kijana wao wa miaka tisa. Shule zimefungwa, na kwa maelezo ya mama yake, kazi yake nyumbani ni kumaliza mkate.

Alhamisi

City Park haiko mbali na Ngara. Matatu ilitushusha Parklands tukamalizia kwa miguu. Langoni hakuna tiketi wala mashine ya kulipia. Kuna mama mwenye beseni la njugu zilizofungwa kwa karatasi na vichane vya ndizi mbivu.

"Mum, mnunulie mtoto za kulisha nyani."

Nikamshukuru, nikapita. Kijana akaninunia hadi tulipofika penye benchi.

Wanyama wenyewe ni kima, wakubwa kuliko tumbili wa kwetu Nyali, wenye mikono myeusi na ukosi mweupe shingoni. Hawakungoja tukae. Mmoja alishuka kwenye mti, akasimama mbele ya kijana, akamshika ngumi kwa mikono yote miwili na kuanza kuikunjua: kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila haraka, kama mama anayemtafuta mtoto peremende aliyokatazwa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, vikavu, na kucha safi kuliko za kijana mwenyewe. Ngumi ilikuwa tupu. Kima akamtazama usoni, akaonyesha meno, akaondoka. Kijana alibaki amekunjua kiganja vilevile kwa muda, kisha akaniuliza mbona amekasirika.

Amekasirika kwa sababu amefundishwa kwamba mkono wa mtu ni sahani. Hatua chache kutoka kwetu, wachumba wawili walikuwa wakipiga picha, kima yuko begani kwa msichana, na mwenzake ameshafika kwenye zipu ya mkoba. Wote walikuwa wakicheka. Mnyama aliyezoea hivyo ndiye atakayemwuma mtoto wa mtu mwingine kesho, kisha aitwe msumbufu. Watu na kima wanaambukizana magonjwa, na mate yanayobaki kwenye ganda la ndizi hayabagui njia. Halafu kuna jambo watu hawalifikirii: kima anayeshiba njugu langoni haingii ndani ya msitu kula matunda, na mbegu ambazo angezitapanya huko zinabaki chini ya mti mama.

Tulipokuwa tunatoka nikamrudia yule mama. Nikamwambia nitaleta kundi la akina mama mwezi ujao, na nitawaomba wasilishe wanyama. Akaniangalia vizuri.

"Sasa mimi nitauza nini, dada yangu?"

Nikasema chai. Mahindi ya kuchoma. Kundi letu linapenda kula.

"Jiko likionekana, askari wa kanjo wanalibeba. Njugu ni rahisi kukimbia nazo."

Hapo nikakosa la kumjibu. Nimesoma mabango mengi yanayokataza kulisha wanyama. Sikumbuki hata moja lililomtaja muuza njugu. Nikanunua pakiti nne, tukazila wenyewe kwenye matatu, mimi na kijana.

City Park ina mengine, nayo yanastahili safari. Ndani yake kuna kaburi la Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi jijini humu Februari 1965, na jirani yake amelala Joseph Murumbi, Makamu wa Pili wa Rais wa Kenya, ambaye alitaka azikwe karibu na rafiki yake. Murumbi alikuwa mkusanyaji mkubwa wa sanaa ya Afrika, na bustani ya kumbukumbu yake ina sanamu, mojawapo ya mchongaji Elkana Ong'esa. Tuliwakuta vijana wawili wamejilaza kwenye nyasi wakisoma vitabu vya uhasibu. Mwaka 2009 bustani nzima ilitangazwa kuwa turathi ya taifa, lakini tangazo hilo lilikuta vipande vimeshamegwa na kugawiwa watu binafsi. Ukitembea pembezoni unaona ukuta unaopita mahali ambapo miti ya pande zote mbili ni ya msitu mmoja.

Ijumaa

Kabla ya kwenda Msikiti wa Jamia kwa sala tulipitia Michuki Park, ng'ambo kidogo ya Ngara, kando ya Mto Nairobi. John Michuki alikuwa Waziri wa Mazingira alipoanzisha, mwaka 2008, usafishaji wa ukingo huu uliokuwa jaa na gereji za juakali. Leo kuna vijia, mianzi na viti. Wafanyakazi wa mjini huja kula chakula cha mchana kwenye vibakuli walivyobeba nyumbani.

Mto wenyewe ni hadithi nyingine. Maji yana rangi ya kijivu, na kwenye kona moja chupa za plastiki zilikuwa zimejipanga zikisubiri mvua. Kijana akauliza zinakwenda wapi. Hili nililijua: Mto Nairobi unaingia Athi, Athi ukishuka unaitwa Galana, kisha Sabaki, na Sabaki unamwaga baharini kaskazini ya Malindi. Nimesimama pale mdomoni mara nyingi, nikaona maji ya tope yakiikata bahari ya buluu na takataka zimelala kwenye mchanga miongoni mwa ndege. Watu wa Malindi hulaumu watalii wa hotelini. Wengine hulaumu wavuvi. Sijawahi kumsikia mtu akimlaumu aliyekunywa soda Ngara.

Baada ya sala tukavuka hadi Uhuru Park, si kwa kukaa sana bali kumwonyesha kijana kona inayoitwa ya Uhuru. Mwaka 1989 serikali ya wakati huo ilitaka kujenga hapa jumba la ghorofa 60, mali ya chama tawala na gazeti lake. Mwanamazingira Wangari Maathai akaandika barua, akashitaki, akatukanwa bungeni, na wafadhili wakarudi nyuma. Jumba halikujengwa. Kijana alitaka kujua ghorofa 60 zingefika wapi. Nikamwonyesha jumba la mikutano la KICC, nikamwambia mara mbili ya hapo. Lina ghorofa 28 tu.

Jumamosi

Mvua ilinyesha usiku kucha na wifi yangu akasema ndiyo siku nzuri ya Karura, kwa sababu wanaopiga picha za harusi hawatakuwepo.

Tuliingia kwa lango la Limuru Road. Askari alifungua mikoba akitafuta plastiki. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fukwe zinazohifadhiwa nchini Kenya. Kwenye fukwe zetu marufuku hiyo ipo kwenye karatasi. Hapa ipo mlangoni, na mwanamume mmoja mwenye viatu vya bei ilimbidi arudishe chupa zake garini, akinung'unika kwa Kiingereza.

Karura ina zaidi ya hekta 1,000 na ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Wageni wengi wanajua maporomoko na mapango, lakini wifi yangu anaijua Karura nyingine. Alipokuwa msichana, anasema, jina lenyewe lilitosha kumnyamazisha mtoto. Maiti zilikuwa zinaokotwa humu. Matatu za Kiambu zilipita mbio bila kusimama. Kisha mwaka 1998 ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya msitu imegawiwa wajenzi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake, wakiwemo wabunge, wakaja na miche ya kupanda. Wakapokewa na kundi la walinzi wa kukodi, naye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Agosti ya mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

"Mimi nilikuwa kwenye ile maandamano," wifi akasema, akiwa anafunga kamba za viatu. Nimemjua miaka yote hii, hajawahi kunitajia.

Kilichofuata hakikuwa na magazeti wala mabomu ya machozi, na kwangu ndicho cha kujifunza. Mwaka 2009 wakazi wa kuuzunguka msitu walianzisha chama cha Friends of Karura Forest, wakaingia ubia na Huduma ya Misitu ya Kenya. Uzio wa umeme ukawekwa. Vijana wa Huruma, kijiji cha maskini kinachopakana na msitu upande wa Kiambu Road, wakafundishwa wakawa walinzi. Njia zikachongwa, kila njia panda ikapewa namba ili mtu akipotea apige simu aseme yuko wapi. Mwaka 2011 milango ikafunguliwa. Kiingilio kikawa kinalipa walinzi na miche. Watu wenye fedha walikuja kukimbia, na kukimbia kwao kukawafukuza wezi.

Ndiyo maana mwaka 2025, pale Huduma ya Misitu ilipotaka malipo yote ya langoni yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen, mvutano ulikuwa mkali hadi ukafika mahakamani. Mtu wa mbali angeona ni ugomvi wa risiti. Lakini ukimwuliza anayepalilia miche, atakuambia fedha zikishaondoka hapa si rahisi zirudi kwa wakati wa mvua.

Tulitembea hadi kwenye maporomoko. Mto Karura ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Njiani tulipita penye tanuri la zamani ambamo Benki Kuu ilikuwa inachoma noti zilizochakaa. Kijana alichokoa majivu kwa kijiti kwa matumaini makubwa. Kisha wifi akatushika mkono tukasimama. Juu ya mti, mbega watano. Weusi, mabega yamefunikwa na shuka jeupe la manyoya, mikia mirefu inaning'inia. Walikuwa wanakula majani. Hakuna aliyeshuka. Hakuna hata aliyetutazama zaidi ya mara moja. Kijana, ambaye bado alikuwa na deni la Alhamisi, alinyosha kiganja kidogo tu kujaribu, kisha akakirudisha mfukoni.

Mbega hawa walirejeshwa kuanzia mwaka 2014 kutoka maeneo ya Kipipiri, Nyandarua, ambako mashamba yalikuwa yamewaachia miti michache mno. Kwetu Pwani tuna mbega wa aina nyingine, wale wa Diani, wanaovuka barabara kwa ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya magari. Pale Diani wageni wanaleta ndizi kwenye baraza za hoteli. Nimepanga kuwaonyesha wenzangu picha za leo na za Alhamisi kwa pamoja, bila maelezo.

Mti uliotawala vijia vya Karura, pamoja na mukinduri, ni muhuhu. Nilipouona nilisimama. Nimekua nikiuona umekatwa tu. Muhuhu ni mti wa polepole, mgumu, wenye harufu nzuri. Ulikwenda Ulaya ukawa sakafu za mbao, na uliobaki ukawa twiga na vifaru wanaouzwa na wachongaji wa Changamwe na wachuuzi wa fukweni. Huko kwetu Pwani, katika msitu wa Arabuko Sokoke, umechimbwa na kukatwa kwa siri hadi mkubwa kuupata ni kazi. Baadhi ya wachongaji wamehamia mwarobaini na mwembe, miti inayokua haraka, na kinyago kinapendeza vilevile. Mgeni anayenunua twiga haulizi ametoka kwenye mti gani. Muuzaji naye hana sababu ya kusema. Hapa Karura nimesimama mbele ya muhuhu mzima, gome lake limepasuka kwa wima, na nikajikuta ninahesabu twiga wangapi wangetoka.

Mahali pengine unaona visiki vya mikaratusi. Wakati wa ukoloni msitu huu ulikuwa ghala la kuni za reli, na mikaratusi ilipandwa kwa sababu hukua upesi. Sasa inaondolewa kidogo kidogo na miti ya asili inapandwa. Wapo wanaolalamika wakiona mti unakatwa ndani ya msitu unaohifadhiwa. Wifi yangu alikuwa mmoja wao hadi alipoona vijito vimerudi.

Lililonikera ni mgahawa. Mzuri, safi, lakini bei zake si za akina mama wa Kisauni. Tutabeba mahamri.

Jumapili

Arboretum, karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni ambayo ingefaa kwa kuni za garimoshi na mbao. Leo ni hekta 30 zenye aina 350 hivi za miti, mingi ikiwa na kibao cha jina. Malipo kwa simu, kidogo. Jakaranda zilikuwa zinamalizia maua, njia imegeuka zambarau.

Sikuwa nimeambiwa kuhusu watu wa maombi. Chini ya kila mti mkubwa kuna mtu anatembea mbele na nyuma, macho yamefumba, akiomba kwa sauti ya kugombana. Mmoja alikuwa ameegemeza kiganja kwenye mvinje, mti wetu wa Pwani, na kuugongagonga akidai kazi. Wapo wanaotaka wafukuzwe kwa sababu ya kelele. Mimi naona kelele yao ni nafuu kuliko spika za kundi la ofisi lililokuwa linacheza kuvuta kamba kwenye uwanja wa chini. Mtu anayeishi chumba kimoja na watoto wanne hana pa kupaza sauti, na mti haulalamiki.

Ila kijana aliyaona mabaki ya mishumaa iliyowashwa kwenye mizizi, na gome limeungua hadi kiunoni kwake. Hilo halina utetezi.

Jumatatu

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilifunguliwa 1946. Kilomita za mraba 117, na maghorofa ya jiji yako mgongoni kwa twiga. Tulikodi gari pamoja na familia kutoka Nakuru. Dereva ni Mmaasai wa Kitengela, na kabla hatujamaliza lango alikuwa ameshanipa jina: Mama Mombasa.

Tulipita penye majivu ya pembe za ndovu. Moi alichoma tani 12 hapa mwaka 1989, na Aprili 2016 zikachomwa tani 105. Tukaona faru wawili, nyati, pofu. Tembo hawapo. Tukapita chini ya daraja la reli iliyoanza kazi 2019, lile linalokatiza mbuga kwa nguzo ndefu ili wanyama wapite chini. Familia ya Nakuru ililisifu daraja. Dereva hakusema kitu.

Simba jike alikuwa amelala kando ya njia na magari yasiyopungua kumi yamemzingira. Yetu ilisimama mbali. Baba wa Nakuru akamwomba dereva asogee, kisha akamwahidi kitu kidogo. Gari jingine likaacha njia, likaingia kwenye nyasi. Dereva wetu akazima injini.

"Akiondoka hapa leo kwa sababu ya kelele," akasema, "usiku atakuwa kwangu."

Mbuga ina uzio pande tatu. Upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, iko wazi, na ndiko nyumbu na punda milia walikokuwa wakienda kwenye mvua na kurudi kwenye kiangazi. Wamepungua sana, kwa sababu ardhi ile si ya mbuga. Ni ya akina huyu dereva. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge uzio wala wasiuze. Nikamwuliza kama alikuwemo.

"Nilikuwemo. Ekari moja inatoa ploti nane za futi hamsini kwa mia, mama. Wewe piga hesabu."

Ameuza sehemu kusomesha watoto. Iliyobaki hajaizungushia waya, kwa sababu ng'ombe wake nao wanataka njia. Chui alimlia mbuzi mwezi uliopita. Wageni wanalipa langoni, wanapiga picha, wanarudi kulala Westlands.

Nilipomwambia nina akina mama wanaokuja Desemba hakusita. "Walale kwetu usiku mmoja. Wale mbuzi wetu, wanunue shanga kwa mke wangu, na wasipunguze bei mpaka aibu. Asubuhi nitawatembeza kwa miguu mpaka mtoni, waone pale nyumbu wanapovukia."

Nikamwuliza mbuzi ni shilingi ngapi. Akataja bei. Nikamwambia hiyo ni ya mgeni, ataje ya jirani, na tukabishana hadi lango la kutokea.